Barua ya wazi: Gari lipo, tunaomba dereva

Kwa Naibu Chansela, Mkuu wa Wanafunzi na Mkurugenzi wa Michezo

KUH: AMBULENSI YA MECHI YA NYUMBANI JUMAMOSI HII

Waheshimiwa,

Nawaamkua kwa heshima. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa nne, na kwa misimu mitatu sasa ndimi ninayebeba begi la huduma ya kwanza la timu yetu ya raga. Jumamosi hii saa kumi jioni timu inacheza mechi yake ya mwisho ya nyumbani. Ninaomba ambulensi ya chuo na dereva wake wawe kando ya uwanja tangu saa nane mchana, timu ya pili itakapoanza, mpaka mchezaji wa mwisho atakapovua viatu.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya kawaida nimeshaipitia. Mwezi wa pili barua yangu ilizunguka ofisi nne kwa siku tisa, ikarudi bila sahihi, na timu ikapoteza mechi kabla mpira haujapigwa, kwa kuwa hatukuwa na ambulensi. Makarani walinijibu kwa upole kila nilipofika: "Njoo kesho." Nilikwenda kesho, na kesho kutwa.

Gari lenyewe mnalijua. Linalala chini ya mjakaranda nyuma ya kituo cha afya. Ukisimama kwenye mstari wa mita 22, upande wa hosteli za wasichana, unaliona paa lake na taa ya buluu juu yake. Siku tuliyoshindwa bila kucheza lilikuwa pale pale, limefungwa, majani makavu yamelijaa kwenye kioo cha mbele.

Niruhusuni nieleze msimu ulivyokwenda, maana nahofia huko juu unafika kama matokeo tu: walishinda, walishindwa.

Wahadhiri walianza mgomo Septemba 17, 2025, nao ukachukua siku 49. Walikuwa wakidai haki yao, siwalaumu. Lakini kwetu sisi Septemba ndio mwezi wa kupanda. Ndipo fresha, wanafunzi wapya, wanaporipoti, na ndipo nahodha anapoweka meza karibu na foleni ya usajili akaanza kuwatazama watu mabega. Safari hii wengi wa waliojiandikisha walirudi kwao kusubiri, na baadhi wakapata vibarua wakakaa huko huko. Vilabu vya mijini vilikuwa vikifanya mazoezi tangu mashindano ya wachezaji saba kila upande yalipokwisha. Sisi tulianza kupanga kikosi Novemba, ligi ikiwa mlangoni.

Kwa asiyeujua mchezo hilo laweza kuonekana dogo: watu kumi na tano si wanapatikana? Tatizo ni namba moja, mbili na tatu. Hao ndio mstari wa mbele wa skramu, pale wachezaji wanane wa kila upande wanaposhikana na kusukumana kugombea mpira, na nguvu yote ya wanane wa upande wao ikikutana na ya wanane wa upande wa pili inapitia mabegani na shingoni mwao. Huwezi kumchukua kijana yeyote ukamtia hapo kwa kuwa ana mwili. Anafundishwa pa kuweka miguu, jinsi ya kuikamata jezi ya mpinzani, jinsi ya kuuweka mgongo sawa, na la kufanya skramu ikianguka. Sheria za mchezo zenyewe zinataka awe amefundishwa. Akiumia na hakuna aliyefunzwa wa kuchukua nafasi yake, refa anaamuru skramu za kusimama tu bila kusukumana. Sisi tulikuwa na wiki chache, na vijana wawili wa mwaka wa kwanza ambao hawakuwahi kuingiza kichwa kwenye skramu maishani mwao.

Kocha wetu anafundisha sekondari upande wa pili wa mji. Anakuja jioni kwa bodaboda, halipwi hata shilingi. Mashine yetu ya kusukumia skramu ilivunjika chuma mwaka juzi, kwa hiyo kila jioni, wengine wakishakwenda mesi, alibaki na wale vijana wawili akasukumana nao kwa mabega yake mwenyewe, na umri wake unakaribia hamsini. Giza likiingia nilikuwa nawamulika kwa tochi ya simu. Sijawahi kuona darasa linalofundishwa kwa uangalifu kama lile, na nimekaa katika madarasa mengi ya chuo hiki.

Tulipoteza mechi mbili za kwanza. Ya tatu, Nairobi, tukashinda kwa tofauti ya pointi moja, penalti ya dakika ya mwisho, na namba kumi wetu akakaa chini palepale alipopigia akafunika uso. Tulirudi usiku kwenye basi la chuo tukiimba, tulipofika Gilgil sauti zilikuwa zimekwisha. Kwa basi hilo nawashukuru kwa dhati. Halijatuangusha hata safari moja, na dereva wake anawajua wachezaji wote kwa majina.

Kisha ikaja Januari. Tulikuwa ugenini. Kipindi cha pili, skramu karibu na mstari wao wa trai, ule wa kufungia pointi, ikaanguka. Skramu huanguka kila mechi. Watu wanainuka, wanajipangusa, wanaingia tena. Safari hii namba mbili wetu hakuinuka. Nilipomfikia alikuwa kifudifudi, uso umegeukia kushoto, macho wazi. Akaniambia taratibu, "Dokta, sisikii mikono."

Wananiita Dokta ingawa nimewaambia mara nyingi kwamba mimi si daktari. Nilipiga magoti nikakishika kichwa chake kwa mikono miwili, viganja masikioni, nikawakataza wenzake wasimguse. Mtu akianguka, mkono wa rafiki hukimbilia kumwinua. Ni mapenzi hayo, lakini kwa shingo iliyoumia mapenzi hayo yanaweza kumfanya mtu asitembee tena. Nilikaa vile nikihesabu pumzi zake. Sikuhitaji kumwita mtu. Refa alikuwa ameshapiga kipenga, na ambulensi ya wenyeji ilikuwa ikiingia uwanjani kupitia kwenye kona. Wahudumu wawili wakashuka na kola ya shingo na ubao wa kubebea. Tukamgeuza sote kwa pamoja kama gogo moja, kwa hesabu, tukamfunga, akaondoka. Tangu aanguke mpaka mlango wa gari kufungwa zilipita dakika tisa. Najua kwa sababu tumefunzwa kutazama saa na kuandika.

Picha za hospitalini hazikuonyesha mfupa uliovunjika. Mishipa ya fahamu ilikuwa imevutika. Ganzi iliondoka polepole, na jioni ile ile vidole vikarudi kimoja kimoja, yeye akivihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea na mimi nikigeuka ukutani ili asinione nikilia.

Usiku mama yake alinipigia simu. Hakuuliza matokeo.

"Mwanangu, nani alimshika kichwa?"

"Ni mimi, Mama."

Akanyamaza kidogo. "Na kwenu huko, mnalo gari kama hilo?"

Nikamjibu, "Lipo, Mama."

Ni kweli lipo. Lakini wiki tano baadaye tulikuwa wenyeji, na halikuja.

Ile Jumamosi ya mwezi wa pili wageni walikuwa wamesafiri usiku kucha. Asubuhi vijana wetu walijipanga bega kwa bega kwenye mstari wa trai wakatembea hadi ule wa pili, wameinama, wakiokota vifuniko vya soda, mawe, vipande vya chupa, na vigingi viwili vya chuma vya mahema vilivyobaki ardhini tangu mahafali ya Desemba. Kigingi kimoja kilikuwa kimechomoza kiasi cha kidole. Hebu fikirieni goti la mtu likitua pale. Chokaa ya mistari tulichanga wenyewe. Kina mama wawili wa wachezaji walikuwa wamepanda matatu tangu alfajiri, wakaketi kwenye nyasi na leso zao, wakingoja kuwaona watoto wao wakicheza kwa mara ya kwanza.

Saa tisa na nusu refa alinifuata. "Ambulensi iko wapi?"

Nahodha alikuwa ubavuni kwangu. Akaninong'oneza, "Dokta, mwambie iko njiani. Tutaanza, itatukuta."

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na watu ishirini na watatu waliokwisha vaa jezi, na wale kina mama kwenye nyasi. Lakini nilimtazama namba mbili, ameketi mwisho wa benchi, shingo haijaweza kugeuka vizuri, nikamwambia refa ukweli: haipo, na hakuna aliyeniahidi kwamba itakuja. Akangoja muda wa kungoja ukaisha. Mwenyeji ndiye mwenye jukumu la ambulensi, kwa hiyo pointi zikaenda kwa wageni. Hata wageni hawakushangilia. Nahodha wao alikuja akamshika wetu mkono, akasema hata wao yamewahi kuwakuta.

Vijana walivua viatu bila neno. Namba sita alipita karibu nami akasema, "Umetuua."

Ameniomba radhi baadaye, na sina kinyongo naye. Lakini, Waheshimiwa, naomba niliseme hili kwa heshima yote niliyo nayo: neno lile halikuwa langu. Lilinifika mimi kwa kuwa ndimi niliyekuwa karibu. Mwanafunzi hapaswi kuwekwa mahali pa kuchagua kati ya kusema uongo kwa refa na kuvunja mioyo ya wenzake, wakati gari liko mita mia nne kutoka hapo na linahitaji dereva mmoja na sahihi moja.

Ofisini nilipewa sababu, nami nazichukulia kwa uzito kwa sababu mimi pia nafanya mafunzo katika kituo hicho hicho cha afya. Niliambiwa gari ni moja tu, na mwanafunzi akizidiwa hosteli je? Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba likihitajika hosteli liende. Nitamwarifu refa, mechi isimame hadi lirudi, na hakuna mchezaji atakayelalamika. Au chuo kiandikiane na hospitali ya kaunti mapema, mwanzoni mwa msimu, tarehe zote za mechi za nyumbani zikiwa kwenye karatasi moja, watupe gari siku hizo. Ratiba ya ligi inajulikana. Mechi zetu za nyumbani hazifiki hata kumi kwa mwaka. Si jambo la dharura linalozuka Ijumaa jioni, ni jambo linaloweza kupangwa kama mtihani unavyopangwa.

Niliambiwa pia kwamba dereva anadai posho ya Jumamosi na kwamba fungu lake halipo. Najua hali ya vyuo vya umma, madeni yanasomwa magazetini kila wiki. Lakini katika karatasi ya karo ya kila mmoja wetu kuna mstari wa ada ya michezo na shughuli za wanafunzi, kila muhula, na mwanafunzi asiyeulipa hakai kwenye mtihani. Sidai mashine mpya ya skramu. Sidai jezi. Naomba posho ya dereva mmoja kwa saa nne, itoke katika mstari huo.

Neno lililoniuma ni jingine. Mtu mmoja, naamini hakufikiri sana aliposema, aliniambia kwamba raga ni starehe ya hiari, anayeogopa kuumia asicheze. Vijana hawa hawaogopi kuumia. Sikilizeni wanavyojitunza wao wenyewe. Mwongozo wa World Rugby, shirikisho la raga duniani, kwa timu zisizo na madaktari wa kitaalamu, kama yetu, unataka mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo asirudi kwenye mechi kabla siku 21 hazijapita. Msimu huu nimewatoa wanne kwa sababu hiyo. Mmoja ni winga wetu, anayefunga trai kuliko wote, na mechi alizokosa zilikuwa zile tulizomhitaji zaidi. Alinisihi, akanikasirikia, akakaa siku zake zote 21. Kocha hakunishinikiza hata siku moja. Vijana wa miaka kumi na tisa wanakubali kuacha kitu wanachokipenda kuliko vyote kwa sababu kanuni ya usalama imesema. Nashindwa kuwaeleza kwa nini chuo chao hakiwezi kufuata kanuni iliyo nyepesi kuliko hiyo.

Wala vyuo havikuja kwenye raga ya Kenya kuomba nafasi. Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliundwa 1977 na mwaka huo huo ikabeba Kenya Cup, ligi kuu ya raga nchini, wanafunzi wakiwapiku wanaume wa vilabu vikubwa. Blak Blad wa Kenyatta, Strathmore Leos na MMUST wa Kakamega wote wamesimama katika ligi hiyo ya juu. Chuo ndipo kijana aliyeanza mchezo sekondari anapoutunza hadi klabu kubwa imwone, na bila vyuo wengi wangeuacha wakiwa na miaka kumi na minane. Aprili 17, 2016, Kenya ilipoifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya raga ya wachezaji saba kila upande huko Singapore, wengi wetu tulikuwa shule ya msingi. Namba tisa wetu ananiambia alianza siku ile, kwa chupa ya plastiki iliyojazwa matambara, uwanjani kwa jirani. Leo amevaa nembo ya chuo hiki kifuani, na picha yake iko kwenye kalenda inayoning'inia katika ofisi zenu, mwezi wa saba. Ni yule mwenye bandeji kichwani. Bandeji hiyo niliifunga mimi.

Sasa Jumamosi. Pointi zilizotupotea mwezi wa pili ndizo tofauti iliyopo kati yetu na timu iliyo juu yetu. Tukishinda, tunabaki katika ligi hii. Tukishindwa uwanjani, tutashuka, tutalia, tutajipanga. Hilo ni la mchezo na kila mtu analikubali. Tukishuka kwa sababu gari lilikaa chini ya mti, sijui nahodha atawaambia nini wale wawili wa mwaka wa kwanza. Wamecheza kila mechi tangu namba mbili aumie. Skramu yetu siku hizi haisogezwi ovyo. Mkija, tazameni jinsi wanavyoinama kabla ya kuingia, wote wawili kwa wakati mmoja, migongo imenyooka kama meza. Hayo ni matunda ya jioni zile za tochi.

Maandalizi mengine yamekamilika au yanaendelea. Chokaa imenunuliwa. Ijumaa saa kumi na moja jioni tunatembea uwanja kuokota mawe, na wenzetu wa timu ya wanawake wamesema watakuja kusaidia. Barafu nitaichukua sokoni kwa mama anayeuza samaki, hunipa ndoo nzima na hajawahi kukubali hela yangu. Kola ya shingo tumeazimwa na idara yetu ya uuguzi. Ubao wa kubebea umo ndani ya ambulensi.

Namba mbili atakuwepo. Daktari bado hajamruhusu kucheza, kwa hiyo atabeba chupa za maji. Mama yake anakuja naye, ni mara yake ya kwanza kufika hapa, na nimemwambia nitamwonyesha gari.

Barua ya ombi iko katika ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi tangu Jumatatu, faili la kijani, imeambatishwa na ratiba ya ligi na barua ya kocha. Muuguzi msimamizi wa kituo cha afya ameshaweka sahihi yake. Nimezungumza na dereva. Yuko tayari, anangoja tu kuambiwa na anayestahili kumwambia. Refa atauliza saa tisa na nusu.

Wenu mtiifu,

Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa nne
Mhudumu wa huduma ya kwanza, klabu ya raga